Kichwa cha Ng'ombe wa Buluu

Katika mtaa wa Waswahili pale Gisenyi, nyama ya ng'ombe wa buluu haikuwa na mnunuzi, lakini kichwa chake kiligombaniwa. Miaka ile, ng'ombe akishikwa na homa ya kupe alichomwa sindano ya dawa ya buluu, na dawa hiyo, pamoja na kuponya, ilipaka rangi kila ilipopita: nyama buluu, mafuta buluu, maini utafikiri yamelowekwa kwenye wino wa shule. Kitu kimoja tu kilikataa. Ukipasua fuvu, ubongo uliukuta mweupe pe, kama vile dawa ilifika mlangoni, ikapiga hodi, ikafukuzwa.

Nyirasafari, muuza supu ya kichwa mlangoni kwake nyuma ya msikiti, alivipenda sana vichwa hivyo. "Mi nauza nyeupe," aliwaambia wateja. "Mwenye kutaka buluu ashuke ku ziwa, kule ni bure."

Alhamisi moja aliletewa kichwa kutoka Bugeshi. Akakiweka juu ya gogo, akakitia kishoka, kikafunguka. Akainama, akanyamaza. Watu wa benchini wakaacha kunywa, maana Nyirasafari hakuwa mtu wa kunyamaza.

Ubongo ulikuwa mweupe, ndiyo. Ila mbele, karibu na paji, palikuwa na doa la buluu, pana kama kiganja cha mtoto.

Benchini alikuwepo Théoneste, msaidizi wa daktari wa mifugo, kijana aliyesoma shule kubwa ya Astrida. Alikuwa Mkatoliki, na kila Alhamisi alikula supu ya siku mbili kwa ajili ya Ijumaa isiyo na nyama. Akaweka bakuli chini, akaja, akapitisha kidole gumba juu ya mfupa.

"Hii fupa haikupasuka."

"Mi nimeipasua sasa hivi, na macho yako iko hapa."

"Nasema kabla ya kishoka, Mama Sauda. Angalia, hakuna ufa hata moja." Akakuna shingo. "Hii ngombe mi mwenyewe niliichoma sindano. Kesho yake ikateleza ku mawe ya volkano, ikavunja muguu, ikagonga kichwa. Kichwa tuliiangalia, hakuna kidonda. Ilikuwa inakula majani palepale chini. Tukasema shida ni muguu tu."

"Na buluu imeingia na wapi?"

"Damu inatembea mwili yote, lakini ku ubongo iko kizuizi. Mishipa ya kule imeshonwa karibu-karibu, kama koti ya fundi muzuri. Ubongo inachagua yenye inataka, ingine inabaki inje. Bon, kichwa ikigongwa, hata kidogo, hata fupa ibaki nzima, uzi inaweza kulegea. Ndiyo vitu vya damu vinavuja ndani bila kuitwa."

"Inajishona tena?"

"Mara mingi, ndiyo, siku zikipita, kama ikiachwa itulie. Ikigongwa tena kabla haijajishona..." Akaangalia lile doa. "Ya ngombe naijua. Ya mutu, hata wazungu bado wanatafuta."

Nyirasafari hakumsikiliza tena, alibaki palepale kwenye "ikigongwa tena". Mawazo yake yalikuwa kwa mumewe.

Hemedi Mbonigaba alikuwa dereva wa lori siku za kazi, na Jumapili alikuwa kichwa cha timu. Kweli kabisa kichwa, maana magoli yake yote yalitoka juu ya nyusi. Katika mazoezi ya Jumapili iliyopita aligongana na Straton, mwenzake. Straton akapasuka nyusi, damu ikamwagika, uwanja mzima ukamkimbilia kwa maji na vitambaa. Hemedi alilala chini kidogo, akasimama, akacheka, akaenda nyumbani akala ugali wa watu wawili.

Lakini tangu siku ile jua lilimuuma machoni. Chai alitia sukari, akakoroga, akatia tena. Binti yao Sauda, yeye Hemedi alimwita Mwajuma. Nyirasafari alimcheka, akasema uzee umekuja bila kubisha hodi. Sasa alikijutia kile kicheko.

Hakukipika kile kichwa. Alikifunga kwenye jani la mgomba, akakipeleka hadi Hemedi alipokuwa akipiga lori msasa, akakifungua mbele yake.

"Iko nini hii?" Hemedi akauliza.

"Ni we, Baba Sauda." Akamweleza yote.

Hemedi akaweka msasa chini. "Jumapili tunacheza na Goma," akasema. "Nitacheza bila kupiga kichwa."

"We? Mupira ipite juu, uiachie salamu tu?"

Hemedi akaokota msasa, akarudi kwenye lori.

Jumapili, ngoma ya timu iliwafikia nyumbani kabla ya watu wenyewe. Mbele alitangulia Karani Habiyaremye, mkubwa wa timu, ambaye pia ndiye aliyepanga nani aendeshe lori gani. Nyuma yake Straton, kitambaa kichwani, na nusu ya mtaa. Hemedi alikuwa amekwisha kuvaa jezi. Nyirasafari akasimama mlangoni na mwiko wa supu mkononi.

"Mama Sauda, utupishe. Goma wamefika."

"Wapite. Huyu hachezi."

"Iko mugonjwa? Kidonda iko wapi?"

"Ndani."

Watu wakacheka. Habiyaremye akaonyesha kitambaa cha Straton. "Huyu ndiye mugonjwa, kila mutu anaona. Mume wako hakutoka hata tone."

"Donc, kumbe hapa munatibu yenye macho ya watu inaona tu."

"Mama, nimesikia ile habari yako. Sasa Hemedi ni ngombe?"

"Ngombe alipata munganga. Mume wangu amepata ngoma na karani."

Safari hii kicheko kilimgeukia karani. Habiyaremye akavimba. "Bon. Asipocheza leo, kesho lori inaendeshwa na mutu mwingine."

"Hata akicheza umupe mwingine! Mutu anatia sukari mara mbili, na we unataka ashuke mulima ya Kanama na watu nyuma?"

Hapo ngoma ikanyamaza. Wote wakamwangalia Hemedi. Alikuwa ameshika pindo la jezi kwa mikono miwili kama mtoto. Nyirasafari hakumgeukia, lake amelisema, lililobaki halikuwa lake.

"Karani," Hemedi akasema, "juzi-juzi nilimuita mutoto wangu Mwajuma. Mwajuma ni dada yangu. Nilimuzika mimi mwenyewe."

Akavua jezi, akaikunja, akampa Straton aishike.

Waliondoka bila ngoma. Mama mmoja alitema mate karibu na jiko, na mwingine akasema mtaa utamkumbuka Nyirasafari kwa hili. Akamjibu kwamba jina lake ni refu, wasilikosee.

Baadaye upepo wa ziwa ulileta shangwe za goli kutoka uwanjani, zile za upande wa Goma. Hemedi, aliyekaa kivulini kifua wazi, akainuka nusu. Mkono wake ukagusa paji la uso. Akakaa tena.

"Watakuja kukutukana," akasema.

Nyirasafari akasukuma kuni ndani ya jiko, akafuta benchi kwa kanga yake, akaufungua mlango wa mbele hadi mwisho.

"Waje," akasema. "Supu iko."