Mto wa Goti

Daktari wa mazoezi alikuwa ameshafunga kifuko cha mchanga kwenye kifundo cha mguu, na sasa alikuwa anasubiri. Mgonjwa alilala kifudifudi, mapaja yote mawili juu ya kitanda, miguu kuanzia magotini ikining'inia nje. Mguu wa kushoto ulinyooka sawasawa na godoro. Wa kulia ulibaki umejikunja, kisigino juu, na mchanga ulikuwa unauvuta chini polepole kwa uzito wake tu.

"Mama, shika nyonga," daktari alisema. "Ikiinuka, goti linatudanganya."

Mke wa mgonjwa aliweka viganja vyote viwili kwenye kiuno cha mumewe akakandamiza. Mume akauma shuka. Alikuwa fundi rangi wa maghorofa, na wenzake walimwita Kima kwa jinsi alivyopanda majukwaa bila kutazama anapokanyaga. Kisha ubao mmoja wa jukwaa ulikatika, na mfupa wa paja ukavunjika juu kidogo ya goti. Hospitali walimtia chuma, mfupa ukaunga vizuri. Shida ya sasa haikuwa mfupa.

Daktari alikuwa amemweleza Kima siku ya kwanza. Misuli minne ya mbele ya paja inaungana na kuwa kano moja, kano inapita juu ya pia ya goti, inakwenda kujifunga kwenye ugoko. Misuli ikivuta, mguu unanyooka. Kima alielewa haraka kuliko wagonjwa wengi, akasema kumbe ni kamba na kapi, kama ya kupandishia ndoo ya rangi. Daktari akakubali, ila akaongeza kwamba kamba ya mbele sasa imekonda, na nyama za nyuma ya goti zimekuwa fupi na kushikamana. Mguu ulionyooka, alisema, mfupa hukaa juu ya mfupa, mtu akasimama bila kutumia nguvu nyingi. Uliokunjika, hata kidogo, paja ndilo linaloubeba mwili muda wote, kama mtu anayezuia mlango kwa bega. Paja lile halikuwa na bega la kuzuia chochote. Kima alisimama jikoni kusubiri chai, na kabla maji hayajachemka mguu ulikuwa unatetemeka.

Kila daktari alipokuja, Kima aliuliza swali lile lile: ngazi atapanda lini? Na daktari, ambaye hakuwa mtu wa kukimbilia maneno, alijibu kwamba watazame kwanza.

Mke alijua zaidi ya hapo. Yeye alikuwa mshona mito na magodoro ya sufi. Mumewe aliporudi kutoka hospitali alikuwa halali kwa maumivu, na mkewe akagundua kwamba goti likiinuliwa kidogo maumivu yanatulia. Basi akamshonea mto wake maalumu, mnene katikati, wenye bonde la kupokea uvungu wa goti. Kima akalala, nao wote nyumbani wakalala. Mto ule haukutoka chini ya goti usiku wala mchana mpaka mfupa ulipounga. Daktari alipouona mara ya kwanza aliugeuza mkononi, akausifu mshono, kisha akamwita mke kando, barazani. Hakumlaumu. Alisema goti linapenda kujikunja likiuma, na likiachwa hivyo muda mrefu linasahau kurudi. Alisema pia kwamba hospitali ndiyo iliyopaswa kumwambia. Mke aliuficha mto kabatini, akamwambia mumewe umechanika. Mengine hakuyasema.

Sasa hodi ilisikika, na jirani wa nyumba ya pili akaingia, akakuta watu watatu na mguu mmoja.

"Shemeji, leo wamekuanika kama samaki," alisema.

"Ukiona nimeiva uniambie," Kima alijibu kupitia shuka.

Jirani alikuja kuuliza kuhusu mto wa goti alioagiza kwa ajili ya mama yake, mzee aliyeanguka bafuni. Mfuko wa mto huo ulikuwa kitini, umeshonwa pande tatu, sindano imechomekwa. Mke alimwambia haujawa tayari. Jirani akasema atangoja, mama yake analia kila anapogeuzwa. Kima akadakia kutoka pale pale alipolala, akasema amngojee fundi huyo huyo, kwa sababu dawa za hospitali zote hazikumfaa kama mto wa mkewe.

Daktari alitazama mchanga. Hakumtazama mke.

"Sitaushona," mke alisema.

Jirani alidhani ni kazi nyingi, akaanza kubembeleza. Mke hakuondoa mikono kiunoni mwa mumewe.

"Dada, usimwekee mama kitu chini ya goti. Mwache alie, lakini mguu unyooke. Mto wangu ndio uliomkunja huyu."

Chini ya viganja vyake alisikia nyonga ya Kima ikikaza, halafu ikilegea. Jirani aliaga kwa sauti ndogo akaondoka. Hakuchukua mfuko.

Kima aliinua kichwa kutoka kwenye shuka.

"Daktari, bila ule mto ningekuwa juu ya jukwaa sasa hivi?"

Daktari alifikiri. "Labda. Mfupa ulivunjika karibu sana na goti. Sijui, ndugu yangu. Ningejua ningekwambia."

"Na ngazi?"

"Ngazi sidhani tena."

Kima alicheka puani. "Mama, na ulivyonishonea kwa makini. Hata uzi haukuachia."

Mke alikandamiza tena nyonga ya mumewe. Angemtukana ingekuwa afadhali.

Daktari alifungua kifuko cha mchanga, akamsaidia mgonjwa kugeuka. Kisha akamwomba mke apitishe ngumi kati ya goti na godoro, kupima limeshuka kiasi gani, kama kawaida yao. Ngumi ilipita, ila kwa kubana kidogo. Kwa kitambo goti lilikaa pale chini, na mke akathubutu kulitazama kwa matumaini. Halafu likaanza kupanda, taratibu, bila mtu kuligusa, mpaka ngumi ikapita bila kugusa ngozi, kama asubuhi kabla ya mchanga.

"Kesho tutaongeza mchanga," daktari alisema. Aliacha kifuko miguuni pa kitanda.

"Ongeza," Kima alisema, akageuzia uso ukutani. Baadaye kidogo, bila kugeuka, aliuliza kama ule mto umechanika kweli.

Mke alitazama kabati. Alikaa karibu na mfuko wa jirani, upande wa nne wazi, sindano imechomekwa palepale.