Tarehe Thelathini ya Februari

"Nisomee tena, mhandisi. Soma jengo zima lisikie."

"Mzee Shehata, nimeshakusomea mara tatu. Mwisho wa eda ni tarehe pili Machi."

"Na leo tarehe ngapi?"

"Pili Machi."

"Sasa mbona nimefika kwa mke wangu na kiti begani, naambiwa nimechelewa siku nne?"

Wagih akainamia skrini. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, kompyuta mapajani. Sisi wengine tulikuwa tumejipanga kuanzia chini hadi mlangoni kwangu, ghorofa ya nne, maana hapa kwetu Dumyati mtu hagombani peke yake. Harufu ya futari ilikuwa imeshaanza kutuzunguka, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kurudi jikoni.

Mambo yenyewe nayajua tangu mwanzo, kwa sababu Awatif, mkewe Shehata, alihamia kwangu alipoachwa. Shehata ni fundi wa kuchonga samani, mikono ya dhahabu, mdomo wa msumeno. Tarehe thelathini Novemba alimpa mkewe talaka ya pili kwa ajili ya bata aliyeungua. Miaka ishirini na saba ya ndoa, na bata mmoja. Kesho yake alikuwa analia kwenye karakana, akaniuliza ana muda gani wa kumrejea. Mimi, mdomo wangu huu, nikamwambia: nenda kwa Wagih, ana programu, unaweka tarehe ya talaka inakupa mwisho wa eda. Hata mashehe wa kufungisha ndoa wanaitumia.

Neno moja kwenye simu lingetosha. "Nimekurejea," basi, na Awatif angelazimika kurudi, apende asipende. Lakini Shehata hakutaka kurudi mikono mitupu. Alisema atamchongea kiti cha mti wa mkangazi, maua mgongoni, na kwa kuwa mashine ilimpa hadi pili Machi, akachonga taratibu.

"Tuambie uliweka nini humo ndani," alisema Hajati Insafu wa ghorofa ya pili. "Kwa lugha ya watu."

Wagih akajifuta jasho. "Niliiambia ijumlishe miezi mitatu. Novemba thelathini, ukiongeza mitatu, unapata Februari thelathini. Februari haina thelathini, kwa hiyo mashine ikazisogeza zile siku mbili zilizozidi hadi Machi."

"Na hukuona?"

"Nilijaribu kwa arobaini ya marehemu, ikatoka sawa. Siku arobaini ni siku arobaini. Mwezi ndio tatizo, haulingani na mwenzake."

"Mwanangu," Hajati akasema, "hilo la Februari dogo. Awatif hedhi imeshakoma. Eda yake inakwenda kwa mwezi wa mbinguni. Aliachwa tarehe mosi ya mfungo tisa. Hesabu mwenyewe: mfungo tisa, Rajabu, Shaabani."

Wagih akahesabu. Tulimwona akifika kwenye kidole cha tatu, akarudi kwenye kompyuta.

Usiku mwezi wa Ramadhani ulipoandama, siku nne nyuma, sote tulikuwa juu ya paa. Shehata ndiye aliyeuona kwanza. Alipiga kelele kama mtoto, akawagawia watoto wa jirani taa za karatasi. Awatif alisimama kando yangu. Akautazama ule mwezi, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Alhamdulillahi, nimemaliza." Nilidhani anasema juu ya vyombo.

Wagih alikuwa ameshaanza kubofya. "Nimeirekebisha," akasema kwa sauti ndogo. "Sasa inatoa ishirini na sita Februari, magharibi."

"Ahsante," akasema Shehata. "Nirudishie basi na siku zenyewe."

Alipanda ngazi zilizobaki, sote tukampisha. Kiti kilikuwa kwenye kizingiti changu. Akagonga, ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Awatif. Tufunge ndoa upya. Mahari taja unayotaka."

"Ile ya kunirejea ilikuwa haki yako, sikuwa na la kusema," Awatif alijibu kutoka ndani. "Hii ya kuolewa ni yangu. Sitaki, Shehata. Nimesubiri mwezi huo kuliko wewe."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake. Ingekuwepo, Shehata angekuwa na pa kushika.

Shehata akakaa juu ya kiti chake mwenyewe, pale nje. Adhana ya magharibi ikaanza. Majirani wakatawanyika bila kuagana. Awatif alitoka jikoni na sahani ya tende, na kabla ya kufika mlangoni akasimama, akavuta mtandio akafunika nywele ambazo mtu yule alikuwa amezijua miaka ishirini na saba.

"Mama Rizki," akaniambia, hakumtazama, "mgeni wako hajafungua. Mkaribishe ndani, ale."