Kichwa Wazi

Togar aliingia sebuleni na kitambaa kikiwa kimekunjwa begani, na waombolezaji wakasogeza magoti kumpisha. Jeneza la shemeji yake Binsar lilikuwa juu ya mikeka. Kando yake alikaa mjane, Lamria, dada yake Togar, kichwa wazi kama mwanamke ambaye bado ana mume.

Kumfunika mjane ni kazi ya kaka yake. Humwekea kitambaa cheusi cha ulos kichwani, naye hulia chini yake mpaka mazishi yapite. Siku chache baadaye kaka huyohuyo hurudi, akamfunua, akamnawisha uso kwa maji ya bakuli, akamwambia imetosha, inuka. Ndivyo walivyofanyiwa wajane wote wa mji wao, Porsea, wake wa wazee wa kanisa wakiwemo.

"Dada, inama kidogo," Togar akasema.

Lamria hakuinama. "Kaka, naomba usinifunike."

Togar alidhani hakusikia vizuri. Nyuma yake mkewe, Rusmina, alisikia vizuri sana.

"Wifi, hilo si joka, ni pamba," akasema. "Amekifuma mama yako. Na muda wote alikuwa anaimba nyimbo za kanisani, mpaka mbwa wa jirani akahama."

Wanawake wawili wakacheka, kisha wakakumbuka walipo.

"Najua ni pamba," Lamria akasema.

"Basi ulokole wako unaogopa nini?"

Lamria hakuweza kulisema mbele ya watu. Miaka minne nyuma, kanisa jipya lilipowaambia waumini kwamba ulos zina mizimu ya mababu, yeye na Binsar walibeba zao zote, hata waliyofunikwa pamoja siku ya harusi, wakazitia motoni. Jioni hiyo Binsar hakwenda kwenye pombe ya tuak. Wala kesho yake. Hakulewa tena, na mkono wake haukuinuka tena. Lamria hakujua kama kweli mizimu hukaa kwenye nyuzi. Kumfikiria mama yake kwenye kitanda cha kufumia kulimfanya asite. Alichojua ni kwamba tangu moto ule alikuwa akilala usingizi.

Akamtazama Mchungaji Ferdinan wa kanisa hilo jipya, aliyesimama mlangoni ameshika viatu vyake. Alitamani amkataze, ili liwe neno la mchungaji na si lake.

"Mama, mimi sikuamulii," Ferdinan akasema taratibu. "Mimi nisingekivaa. Lakini huyu ni kaka yako, nami hapa ni mgeni."

Basi neno likabaki mikononi mwa Lamria.

"Nikikivaa, kaka, nitakuwa nimesema mimi na Binsar tulichoma bure," akasema. "Naye yuko hapa, hawezi kujibu."

"Na usipokivaa, umesema huna kaka."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Lakini watu watakusoma kichwani."

Togar alingoja bado, mikono imeshika pindo mbili za kitambaa, na kwa kitambo Lamria alinusa rangi ya nyuzi na moshi wa jiko la mama yake. Shingo yake ilikuwa nzito. Ingeinama yenyewe kama angeiachia. Hakuiachia.

Togar akakikunja kitambaa pole pole, pindo juu ya pindo. Hakuondoka. Alisaidia kubeba jeneza, akashika sepeto. Ila kwenye kaburi alisimama nyuma na majirani, si mahali pa kaka, na wali ulipopakuliwa alikula akiwa amesimama.

Wiki hiyo watu wa kanisa jipya walikuja na gitaa. Walikuwa wema. Walimwoshea vyombo, wakamwambia Binsar yuko raha, asihuzunike. Lamria aliitikia amina, na walipoaga alijifungia jikoni akalia na kanga ya kufutia vyombo mdomoni.

Siku ambayo angefunuliwa, kama angefunikwa, aliamka akafagia sebule. Akatandika mkeka mzuri, akateka maji, akayaweka kwenye bakuli jeupe katikati.

"Mama, unamngoja nani?" binti yake Tiolina akauliza.

"Simngoji mtu. Nenda shule."

Mchana pikipiki ya Togar ilipita na gunia la chakula cha nguruwe. Ilipunguza mwendo, ikasimama. Lamria akatoka mlangoni.

"Umekula?" kaka yake akauliza bila kushuka.

"Nimekula. Mama hajambo?"

"Hajambo. Macho tu yanamsumbua." Akachungulia ndani, akauona mkeka, akaliona bakuli. "Lamria, sikukufunika. Nitakufunua nini?"

"Najua, kaka."

"Naweza kuingia nijifanye."

"Usijifanye."

Togar akaitikia kwa kichwa. Kisha akawasha pikipiki, akaondoka.

Lamria alirudi ndani, akaketi mkekani, akachota maji kwa viganja akanawa uso. Yalikuwa maji ya kawaida ya kisima. Akanawa tena. Akakaa na uso mbichi, matone yakidondoka kifuani, akisikiliza nyumba. Kazi ilikuwa imejaa shambani, na alijua sasa ndio wakati wa kuambiwa imetosha, inuka. Alijaribu kujiambia mwenyewe kwa sauti. Lilitoka kama neno tu, na maji ya uso yakakauka, na machozi yakashuka tena palepale.