Pumzi ya Ishirini na Moja

1.

TANGAZO

Kundi la Nyuzi Kumi na Sita (watu wanne, nyuzi nne kila mmoja, hesabu fanya mwenyewe) linawakaribisha nyote Jumapili, saa tisa alasiri, ukumbi wa usharika, mjini Same. Watapiga bila karatasi za noti, kama kawaida yao.

Sehemu ya kwanza: kazi ya kale ya Ulaya, ya mtu aliyekufa zamani na bado anatutesa vidole.

Sehemu ya pili: kazi mpya ya Bwana Togolani Msuya, mzaliwa wa hapahapa. Katikati yake kuna kimya kirefu kilichoandikwa kwa makusudi.

Tafadhali msipige makofi kwenye kimya.

Tafadhali msikohoe kwa huruma.

2.

Mpiga selo ni Nakijwa. Selo ni ile fidla kubwa inayokumbatiwa kwa magoti kama mtoto mkubwa anayekataa kushuka.

Mwaka jana mjini Moshi, mbele ya watu mia mbili, Nakijwa alisahau. Si noti moja, wala mstari mmoja. Alisahau yote. Mkono ukabaki unaning'inia, akainuka, akatoka kwa mlango wa jikoni. Walimkuta ameketi juu ya kreti la soda, anasoma noti zake kama barua. Hakulia. Aliyelia ni mama yake, tena kwa simu, tena wiki nzima.

Leo ndiyo mara yake ya kwanza kurudi.

3.

KANUNI ZA KUNDI, ukurasa wa pili

Kifungu cha 6. Mwanakundi atakayesimama, yaani kuacha kupiga, katikati ya onyesho bila sababu ya ugonjwa ataonywa.

Kifungu cha 7. Akisimama mara ya pili, nafasi yake itajazwa na mwingine.

(Kifungu cha 7 kilipendekezwa na Nakijwa mwenyewe, enzi hizo akijiona hawezi kusahau kitu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.)

4.

Aliyoyafanya Jumapili asubuhi:

alikata kucha

alizikata tena

alikataa kula

alikula chapati tatu

alimwendea Elihuruma, fidla ya kwanza na katibu wa kundi.

"Kaka, leo nikisimama..."

"Hutasimama."

"Nikisimama, je?"

"Nakijwa, kunywa chai."

5.

Kimya chenyewe kiko hivi. Wote wanne wanaacha kupiga. Wanahesabu pumzi, si sekunde. Pumzi ishirini. Halafu selo inaanza, peke yake, hakuna wa kuisindikiza.

"Kwa nini mimi?" Nakijwa alimuuliza Bwana Togolani kwenye mazoezi.

"Kwa sababu kimya kinaanzia chini, na wewe ndiye mwenye sauti ya chini."

Nakijwa akaitikia kwa adabu zote. Moyoni alimtukana.

6.

Yaliyosikika ukumbini, sehemu ya kwanza:

— Huyu mwenye miwani si mtoto wa mwalimu Mbwambo?

— Nyamaza, wanapiga.

— Wamemaliza?

— Bado.

— Sasa?

— Bado, mama.

Walipomaliza kweli, watu waliogopa kupiga makofi. Ikabidi Elihuruma ainame mara mbili ndipo wakaamini.

7.

Benchi la tatu, upande wa dirisha, alikaa Mama Naelijwa, aliyeimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika kwa miaka arobaini. Kwenye kwaya yao kuna desturi. Mwenzako akipotea kwenye wimbo, humtazami. Humgusi. Humwambii. Unafumba mdomo na kumpa sauti aliyoiacha, basi. Akishaisikia, njia ataijua mwenyewe.

Tangazo hakulisoma. Miwani yake ilikuwa nyumbani, juu ya redio.

8.

Kumi na saba.

Kumi na nane.

Kumi na tisa.

Ishirini.

9.

Ishirini na moja.

Upinde ulikuwa juu ya uzi. Vidole vilikuwa mahali. Kichwani hapakuwa na kitu, peupe kama shuka iliyoanikwa.

Ishirini na mbili. Elihuruma alimtazama, akajuta kumtazama.

Aliuona mlango. Kila ukumbi una mlango wa jikoni. Wewe unayesoma hapa umekaa raha mustarehe, sema kweli: ungebaki kitini?

Ishirini na tatu. Magoti yakaanza kuiachia selo. Ishirini na

10.

mmmmmmmmm

11.

Kutoka benchi la tatu. Sauti ya kizee, inakwaruza kidogo, lakini ndiyo yenyewe: noti ileile aliyoiacha Nakijwa kabla ya kimya.

Ikafuata benchi la nne. Ikafuata la sita. Kisha ukumbi karibu wote, maana Same ukirusha jiwe unampata mwanakwaya. Hawakujua kama wanaharibu kazi ya mtu. Walijua binti amepotea.

Mkono wa Nakijwa ukaitika kabla yeye hajaamua. Upinde ukavutwa, selo ikaingia katikati ya sauti za watu, noti ya kwanza ikaileta ya pili, na ya pili ilikuwa inajuana na ya tatu. Ahueni ilimshuka kutoka mabegani hadi nyayoni. Alitaka kucheka, akacheka, huku anapiga.

12.

RIPOTI YA KATIBU

Swali: Je, mpiga selo alisimama?

Jibu: Katibu alikuwa anahesabu pumzi na alipoteza hesabu kwenye kumi na nne. Baada ya hapo ukumbi uliimba. Haiwezekani kuthibitisha kimya kilitakiwa kuisha lini. Kifungu cha 7 hakihusiki.

Imesainiwa: E. Mbwambo.

(Katibu huyu hajawahi kupoteza hesabu tangu darasa la kwanza.)

13.

Bwana Togolani alikuja mbele akiwa amekunja uso. Watu wakampisha.

"Nani ameanza?"

"Mimi, mwanangu," alisema Mama Naelijwa. "Binti alikuwa amepotea."

"Hakupotea, mama. Nimeandika mimi. Ni kimya cha..."

"Nilipotea," alisema Nakijwa.

Hakuna aliyemuuliza. Angeweza kunyamaza, na ripoti ya Elihuruma ingemfunika vizuri kabisa. Lakini alikuwa mwepesi mno siku ile kubeba uongo, hata wa kuazimwa. Akapiga goti mbele ya yule mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

Bwana Togolani akakunjua uso. Kisha akaomba penseli.

14.

Nakala ya sasa ya kazi hiyo, ukurasa wa tano. Maneno *pumzi ishirini* yamekatwa kwa mstari. Chini yake, kwa penseli:

*kimya, mpaka*

Hakuendelea.

15.

Arusha, mwezi uliofuata. Ukumbi mgeni, watu wageni, hakuna aijuaye desturi ya Same. Mama Naelijwa miguu imemvimba, kabaki nyumbani.

Kimya.

Nakijwa anahesabu hivyohivyo, mazoea yana taabu. Mlango wa jikoni upo, upande wa kushoto. Ameuona. Ameusalimu kwa macho kama jirani waliyewahi kugombana naye, akaupa mgongo.

Kumi na nane.

Anawaangalia wenzake. Wote watatu wamefumba midomo, tayari kumpa sauti. Na hakuna hata mmoja anayemtazama.

Kumi na tisa.

Ishirini.

Ishirini na