Waya wa Njano Kiwandani

Wewe uliuona ule waya. Usianze kunitafutia maneno, uliuona. Ulipita barabara ya kiwanda cha sabuni mchana kweupe, ukafika pale unapotokeza chini ya geti, ukainua mguu, ukauruka, ukaenda zako. Kuruka sikulaumu, hata mimi niliruka. Nakulaumu kwa kusema baadaye kwamba hapakuwa na kitu. Basi tulia nikukumbushe, maana mimi sisahau.

Jumatatu, saa nne asubuhi, fundi umeme wa magari aitwaye Cheche alifika kiwandani na sanduku lake la vifaa, taa ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuja kukagua pikapu nyeupe ya kiwanda na kuandika kwa nini ilikataa kuwaka.

Wiki tatu nyuma, sabuni ya moto ilimmwagikia mama mmoja wa chumba cha kupikia, kuanzia kifuani hadi magotini. Dereva alimpakia siti ya mbele, akamfunga mkanda, akatia ufunguo. Gari likanyamaza. Lilinyamaza dakika arobaini, na yule mama akakata roho palepale, uso umeelekea getini. Meneja aliwaambia polisi kwamba dereva alijua gari bovu akakaa kimya. Dereva yuko mahabusu tangu jioni ile. Mkewe ni dada yake Cheche. Ndiye aliyekwenda kituoni kuomba gari likaguliwe, akajibiwa, "Tafuteni fundi wenu."

"Wewe si shemeji wa dereva?" mlinzi aliuliza getini. "Pita. Ila angalia usijikwae kwenye waya."

Cheche aliuangalia, akauruka.

Alifungua boneti. Betri nzima. Akaipa starta umeme moja kwa moja, ikaunguruma kama kawaida. Fyuzi zote zima. Akaingia ndani, akazungusha ufunguo: taa za dashibodi zikawaka zote, starta kimya. Gari lenye betri nzima na starta nzima likikaa kimya, kuna kitu kimekaa katikati. Na pale pembeni mwa usukani, taa ndogo nyekundu ya alamu ilikuwa inapepesa. Cheche aliijua taa ile. Aliifunga yeye mwenyewe.

Mwaka uliopita meneja alimwita. "Nataka gari lijifunge lenyewe," alisema. "Likizimwa tu, nusu dakika, limejifunga. Na rimoti iwe moja, nakaa nayo mimi." Cheche aliukata waya wa njano unaokwenda kwenye starta, akaupitisha kwenye kiboksi cha alamu. Halafu, kama afanyavyo fundi yeyote mwenye akili, akaweka swichi ya siri chini ya siti, ili siku alamu ikichanganyikiwa dereva aweze kuipita. Meneja aliinama, akaiona. "Ng'oa. Hiyo ni ya kuniibia safari." Cheche akang'oa. Tundu akaliziba kwa utepe mweusi.

Na ukutani, mbele ya pale magari yanapopakia, pameandikwa kwa rangi nyekundu: ZIMA INJINI UNAPOPAKIA. Dereva alitii. Alizima injini akambeba mgonjwa, na kumfunga mkanda mtu aliyeungua kunachukua zaidi ya nusu dakika. Rimoti ilikuwa mfukoni mwa meneja. Meneja alikuwa ng'ambo ya mji akila chakula cha mchana, simu ameizima.

Mpaka hapo Cheche alikuwa na jibu lake. Lakini kiboksi cha alamu kilikuwa na waya mmoja zaidi, wa njano, ambao yeye hakuuweka. Na kazi ile ina kanuni moja: waya haukisiwi, unafuatwa. Akaushika, akaufuata.

Ulitoka chini ya mlango wa gari ukavuka uwanja. Kadiri alivyokwenda ulizidi kunenepa, ukafika unene wa kidole gumba, na ulikuwa na joto kama kikombe kilichotoka kunywewa chai. Aligusisha taa ya kupimia, ikawaka mwanga laini wa rangi ya asali. Katika chumba cha kufungia sabuni waya ulipanda usawa wa kifua, na wanawake walikuwa wameanika aproni zao juu yake.

"Zinakauka upesi," mmoja wao alimwambia. "Kuliko jua."

"Waya huu uko hapa tangu lini, mama?"

"Tangu mwenzetu afariki. Mwanzo ulikuwa kama uzi."

"Na hamkusema?"

"Tukamwambie nani, baba? Unakoishia ndiko tungeenda kusema."

Wenzake wakacheka kidogo, wakaendelea kufunga sabuni. Tawi moja la waya lilichepuka dirishani kuelekea getini na mjini. Shina lilipanda ngazi. Cheche akapanda nalo, akabisha hodi.

Meneja alikuwa anasaini karatasi. Waya ulipita chini ya meza, ukaukwea mguu wa kiti, ukapita kando ya tai, ukaingia mfuko wa shati ilimokuwa rimoti, na kutoka hapo ukazama kifuani, upande wa kushoto. Ngozi ilikuwa imeukumbatia vizuri, kama shina la mti linavyomeza msumari.

"Eeh, unaingia hapa," meneja alisema bila kuinua macho. "Wiki ya kwanza uliwasha kidogo. Sasa nalala nao."

"Bosi, ile taa ya garini inapepesa kwa mapigo ya moyo wako."

"Ndiyo maana sipandi ngazi kwa haraka." Akafunika kalamu yake. "Fundi, andika starta ilikufa. Starta haina ndugu, haitalia. Na wewe ndiye uliyefunga alamu, usisahau hilo."

Cheche aliufunga mlango nyuma yake. Alishuka, akatoa koleo, akaukata waya karibu na kiboksi, akazungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja. Lilinguruma taratibu, siti ya mbele ikatetemeka, na mkanda ukajivuta polepole, ukajifunga wenyewe. Alipogeuka kumwita mlinzi ashuhudie, ncha mbili za waya zilikuwa zinatafutana sakafuni kama ndimi. Zikagusana, zikaungana bila kovu. Injini ikazima. Alikata mara tatu. Mara ya tatu mlinzi alikuwapo, akatazama mwanzo mpaka mwisho, akasema, "Huo ndivyo ulivyo," akarudi getini.

Jioni Cheche alikaa sebuleni kwa dada yake na karatasi mbele yake. Dada alikuwa anapiga pasi shati jeupe la mumewe, la kuvaa mahakamani.

"Nikiandika ukweli, na mimi nimo," Cheche alisema. "Niliing'oa ile swichi."

"Najua, kaka. Mume wangu aliniambia siku ileile uliyoing'oa." Alilikung'uta shati. "Andika. Halafu weka jina lako lote, si Cheche."

Akaandika: Betri nzima. Starta nzima. Gari zima. Lilizuiwa na alamu niliyoifunga mimi kwa amri ya meneja, na swichi ambayo ingemwokoa marehemu niliing'oa kwa mkono wangu. Kiboksi cha alamu kina waya wa njano ambao sikuuweka; nimeufuata hadi kifuani mwa meneja. Akaweka jina lake lote.

Mahakamani waya ulipita chini ya benchi la wasikilizaji, ukapanda hadi meza ya hakimu. Karani alikuwa ameuwekea majalada juu ili mtu asije akajikwaa. Hakimu alisoma ripoti yote, kwa upole, mara mbili.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Ila aliyeandika ni shemeji wa mshtakiwa. Nahitaji mtu mmoja asiye ndugu, aliyeuona waya huu." Akaangaza ukumbini. Wanawake wa kiwandani walitazama viatu vyao. Mlinzi alitazama dari. Hakimu akasogeza mguu wake kidogo, waya upite, akaahirisha kesi hadi Alhamisi. Dereva akarudishwa mahabusu na shati lake jeupe. Meneja alitoka taratibu, akishuka ngazi moja moja.

Mtu mmoja tu, asiye ndugu. Alhamisi ni kesho, saa tatu asubuhi, chumba namba mbili. Mimi nimeshaandikisha jina, lakini wamesema mimi mgomvi wa siku nyingi, neno langu halitoshi. Wewe huna ugomvi na mtu. Inuka, vaa viatu, njoo useme ulichokiona.