Moyo wa Mama Kavuo Wasikika Nyabiondo

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Kavuo alikuwa akipima maharage dukani kwake Nyabiondo moyo wake ulipoanza kusikika nje. Ulipiga polepole, kama mchi ndani ya kinu. Mteja wake, mkulima mmoja aitwaye Kasika, aligeuka kuona nani anatwanga sombe, majani ya muhogo, siku ya soko. Hakuona mtu. Akasikiliza tena, kisha akanyoosha kidole kwenye kifua cha Kavuo.

"Mama, iko kwako."

"Nasikia," Kavuo akasema. "Fungua mufuko vizuri, maharage itamwangika."

Kavuo alikuwa mjane kutoka Butembo, mwenye miaka hamsini na miwili. Aliuza chumvi, makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi, na mafuta ya mawese, na alikula alichouza. Mama yake alikufa ghafla akiwa na miaka hamsini na mitatu, mwiko ukiwa mkononi. Kwa hiyo mchana ule Kavuo alifunga duka akapanda kwenye kituo cha afya. Muuguzi Kétsia alimsikia tangu alipopita kanisani, akawa ameshatoa mashine ya kupima tansiyo, yaani shinikizo la damu, kabla hajafika mlangoni. Ilionyesha kumi na tisa kwa kumi na moja, juu mno.

"Dawa haiko," Kétsia akasema. "Barabara ya Sake imefungwa tangu mwezi yenye ilipita. Punguza chumvi, Mama. Acha makayabu. Mafuta kidogo. Tembea kila asubuhi mpaka jasho itoke. Na ulale masaa saba."

"Kulala masaa saba hapa Nyabiondo?"

"Njo vile inaandikwa kwa kitabu," Kétsia akajibu.

Kavuo alirudi nyumbani akala kama kawaida. Alhamisi saa saba mchana moyo wake ukaanza kupiga mbio, hata kuku wakatoka uani. Saa kumi watu wa bunduki waliteremka kutoka mlimani, wakachukua mbuzi na magodoro, wakawapiga waliowakuta. Wiki mbili baadaye ikawa vivyo hivyo: moyo saa saba, bunduki saa kumi. Mara ya tatu hakuna aliyesubiri. Moyo ulipokaza mwendo, watu walifunga vitu vyao wakapanda mlima wa upande wa pili na kuingia msituni, na wale wa bunduki hawakumkuta hata mtoto.

Ila siku ile Kavuo aliishiwa pumzi katikati ya mlima. Alikaa chini kwenye majani, midomo imebadilika rangi, akawaambia wengine wapite. Kasika alimweka mgongoni akampandisha mpaka juu. Alisema baadaye kwamba kilichomchosha si uzito bali kelele.

Kesho yake Kavuo aliacha chumvi. Alikula sombe iliyopikwa kwa vitunguu na nyanya, viazi vya kuchemsha, maharage bila mafuta mengi. Kila asubuhi alitembea hadi kwenye chemchemi na kurudi. Miezi miwili ilipopita, moyo wake ulisikika dukani tu. Wa tatu ulipokwisha, ilibidi mtu asimame karibu naye sana.

Jumapili moja baada ya misa, majirani walikuja wakakaa sebuleni. Kasika alikuwa amebeba makayabu nzima, imefungwa kwenye gazeti.

"Mama Kavuo," akasema, "hatukusikie tena. Tunakuomba, kula kidogo."

Kavuo alimtazama samaki yule. Harufu yake ilimjaza mate mdomoni.

"Munataka nikufe sababu yenu?"

"Apana, Mama. Tunataka usikike."

Hakuna aliyeona aibu, wala aliyekasirika. Kila mmoja pale alikuwa na watoto. Kavuo aliifunga makayabu tena na kumrudishia Kasika.

"Mama yangu alikufa kabla ya kuona wajukuu. Miye mutoto yangu Benita iko na mimba kule Butembo. Sitakula. Lakini asubuhi natembea. Mwenye anataka kusikia, atembee karibu."

Jumatatu walikuja kumi na wawili. Mwisho wa mwezi walikuwa themanini, wazee na wanawake wenye watoto mgongoni, wote wamebanana kwenye njia ya chemchemi kwa sababu ya kusikiliza. Waliokuwa wakivuta tumbaku waliiacha, kwa kuwa kikohozi kilifunika mapigo. Kétsia aliwapima wote akakuta tansiyo zimeshuka. Watu wa bunduki waliendelea kuja, na moyo, ingawa mdogo, uliendelea kutangulia. Kijiji sasa kilipanda mlima bila kupumzika njiani.

Habari zikafika mbali. Mgeni wa serikali alikuja na gari kubwa kukipongeza kijiji. Alisimama mbele ya kituo cha afya akasema Nyabiondo ni mfano kwa jimbo zima. Kasika alinyoosha mkono, akauliza kama askari wanaweza kuletwa kulinda barabara. Mgeni alisema swali ni zuri, akaendelea kusoma hotuba yake kuhusu mboga.

Alipofika kwenye matunda, waliokuwa karibu na Kavuo wakaanza kusimama. Kisha safu ya nyuma yao. Wanawake walifunga watoto migongoni. Kétsia aliweka mashine yake kwenye mfuko.

"Munaenda wapi?" mgeni akauliza.

"Watu ya bunduki banakuya," Kasika akamwambia. "Tuko na masaa tatu."

Mgeni aliweka karatasi zake ndani ya folda. Dereva alikuwa amekwisha kuwasha injini. Gari liliondoka kuelekea Masisi, viti vya nyuma vitupu, na watu wakaliachia njia kwa heshima.

Walipanda kwa mwendo wao wa kila asubuhi. Huko juu Kétsia alimpima Kavuo, kumi na tatu kwa nane, akamwambia ni vizuri sana, aendelee hivyo hivyo. Kavuo alishukuru. Chini yao, moshi wa kwanza ulikuwa unatoka upande wa soko.