Harufu ya Samaki Chumba cha Nyuma

Nyumbani kwangu Remera samaki hapikwi. Siwadharau wanaomla, ni malezi tu. Nilikulia Karagwe, Tanzania, kwa baba mfugaji, na mama alitufundisha kwamba chombo cha maziwa kikishika harufu ya samaki hakifai tena. Mpaka leo ninavyo viwili vya mbao vya kuwekea maziwa. Kila Jumamosi navifukiza kwa moshi wa nyasi, navifunika, navirudisha kabatini.

Mwanangu Kenny alipomwoa Nasimiyu, Mkenya wa upande wa Busia, nilimwambia siku ya kwanza, "Mwanangu, samaki mle popote utakapo, ila si humu."

Akacheka. "Sawa mama. Nitakuwa nakula kwa majirani kama mlevi anayejificha."

Nilimpenda kwa jibu lile. Tuliongea Kiswahili kwa sababu Kinyarwanda cha hapa kilikuwa bado kinamshinda, na kwa miaka minne hatukukosana.

Mwezi wa kumi nikaanza kusikia harufu ya samaki aliyelala. Inakuja, inapotea. Ilizidi chumba cha nyuma, tulikoweka friji maana jiko ni dogo. Kabati langu la vyombo liko humo, na humo ndimo alimolala mjukuu wangu Gaju, kitanda chake kimeegemea ukuta kando ya friji.

Nilifunua masufuria nikanusa moja moja. Nasimiyu akanikuta nimeinamia ndoo ya takataka.

"Mama, umepoteza nini?"

"Natafuta dagaa wako."

"Mimi sijapika samaki humu. Harufu hata mimi naisikia, lakini samaki namjua, huyu si yeye. Kuna kitu kinaungua. Tumwite fundi aangalie."

"Fundi wa kunusa? Wewe umemzoea samaki, ndiyo maana humsikii tena."

Ningeishia hapo, jioni ningemwomba radhi tukacheka. Lakini niliendelea. Nilisema, Gaju akisikia, kwamba anayedanganya kwa dagaa atadanganya na kwa makubwa. Nasimiyu alikuwa anakunja nguo. Akaweka chini kigauni cha mtoto, akakinyoosha kwa kiganja, akatoka. Kenny alinisihi nikakaza shingo. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wamepanga nyumba Batsinda.

Walipoondoka harufu ikapungua. Nikajiambia, si umeona.

Krismasi nilikwenda Nyagatare kwa kaka yangu Mutsinzi. Nilifunga milango yote, nikaacha friji inawaka kwa ajili ya nyama. Huko kila aliyenisalimu aliuliza, "Mkamwana wako yuko wapi mwaka huu?" Nikawa nasema ana kazi nyingi.

Baada ya siku kumi na mbili nikarudi. Ilikuwa mchana, jua kali. Nikafungua mlango, dumu la maziwa bado liko mkononi, na harufu ikanipokea. Ilikuwa ile ile, ila kali mara kumi.

Nilisimama pale kizingitini. Ufunguo ninao mimi peke yangu. Hakuna sufuria iliyobandikwa humo tangu niondoke.

Jirani yangu Winifred alimpigia simu fundi wake wa umeme, Mwita, Mtanzania. Alipofika alizima umeme wote kwanza, kisha akavuta pumzi puani.

"Bibi, hapa mlikuwa mnakaanga sato?"

"Usinitanie, mwanangu."

"Ni plastiki ya soketi inayoungua. Inanuka samaki, wengi wanadanganyika."

Akasogeza friji. Soketi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia na kulegea kama nta, plagi imegandia humo. Akafungua kwa bisibisi. Ndani waya ulikuwa mweusi, ganda lake limeyeyuka.

"Waya ulilegea siku nyingi, ukawa unapata moto kidogo kidogo. Mlichomeka nini kingine hapa?"

"Pasi. Na birika la umeme la mkamwana wangu."

"Basi vikiwaka pamoja na friji, moto unazidi." Akaonyesha alama kwenye rangi ya ukuta, kubwa kama kiganja, juu tu ya mto wa Gaju. "Hapa analala nani?"

"Alikuwa mjukuu wangu. Wamehama."

"Mshukuru Mungu mlimhamisha."

Sikumwambia nilivyomhamisha.

Kesho yake nilikwenda Batsinda na ile plagi kwenye mfuko wa karatasi. Nasimiyu aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akainusa.

"Nilikuambia, mama."

"Uliniambia. Nami nikakuita mwongo mbele ya mtoto wako. Nisamehe."

"Yamekwisha, mama."

Nikamwomba warudi. Akasema soketi ikitengenezwa watakuja kunitembelea, ila Gaju ameshaizoea shule ya hapa. Alisema kwa adabu sana, kama anavyosema na mgeni.

Jikoni kulikuwa na samaki kwenye mafuta. Niliisikia harufu yake, harufu ya samaki kweli, na haikufanana hata kidogo na ile ya kwangu. Nasimiyu aliinuka akamfunika, akafungua dirisha, akanikaangia mayai.

"Kula bila wasiwasi, mama. Kikaango hiki ni kipya, hakijagusa samaki."

Heri angenitukana.

"Nipe na kipande cha samaki," nikasema.

"Usijilazimishe, mama."

"Bibi hali samaki," Gaju akasema, akanisogezea chumvi.

Nikala mayai yangu. Dirisha lilikuwa bado wazi na upepo ulikuwa wa baridi, lakini sikuwa na uso wa kumwambia alifunge.